Hiyo Utauzia Nani?

Baba yangu huingia kwenye gari kwa hatua tano. Kwanza hugeuka, akaupa mlango mgongo. Pili hushika fremu kwa mkono wa kulia, ule mzima. Tatu hujiachilia polepole mpaka apate kiti. Nne huinua mguu wa kulia akauingiza. Tano hutumia ule mkono mzima kuubeba mguu wa kushoto na kuuweka ndani, kama mtu anayepakia mzigo wa jirani. Kiti kikiwa chini sana, hatua ya tatu inakuwa kuanguka. Mlango ukifunguka nusu, hatua ya tano haiwezekani. Kabla ya Machi 2024 sikuwa nimewahi kuangalia gari nikaona vitu hivyo. Nilikuwa naangalia rangi na rimu, kama watu wengine.

Kiharusi kilimjia usiku, nyumbani kwetu Jericho, kikamwachia upande mzima wa kushoto ukiwa mzito. Daktari alituandikia fizio Jumanne na Alhamisi, katika hospitali moja ya serikali ambayo kutoka kwetu ni matatu mbili. Wiki ya tatu, kwenye steji ya Jogoo Road, makanga alimwambia, "Mzee, changamka, karao wako hapo mbele!" na gari likaanza kusonga mguu mmoja wa Baba ukiwa bado kwenye ngazi. Hakuvunjika kitu. Alichubuka kiwiko, suruali ikararuka gotini. Hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani. Aliketi, akaomba maji, akasema, "Wamenishusha kama gunia la waru."

Tukahamia teksi za simu. Shilingi 450 kwenda, 450 kurudi, mara mbili kwa wiki. Madereva wengine walikatiza safari wakisikia tuko Jericho ndani ndani. Wengine walikuja na kagari ka 660cc ambako kiti chake kiko karibu na lami. Kuna mmoja, na nia yake ilikuwa njema, alimsaidia Baba kuingia kwa kumsukuma kichwa, vile polisi hufanya wakiingiza mshukiwa kwa Land Cruiser. Siku hiyo ndiyo niliamua kununua gari.

Kaka yangu yuko Doha na hupiga simu Ijumaa. Nilipomwambia, alinipigia hesabu hapo hapo. Teksi ni 1,800 kwa wiki, kama 7,800 kwa mwezi. Kwenye SACCO nilikuwa na akiba ya 350,000, na wao hukopesha mara tatu ya akiba ukipata wadhamini. Yaani 1,050,000, kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi, miaka minne: karibu 27,650 kila mwezi. Hapo hujaweka mafuta, hujaweka bima, hujaweka yule kijana wa kulinda gari usiku. "Unataka kulipa mara nne ya teksi ndio mzee aende fizio?" aliniuliza. Hesabu yake haikuwa na kosa. Ila haikuwa na mahali pa kuandika kichwa cha Baba kikisukumwa.

Basi nikaanza kuzunguka.

Ukitoka Eastlands kutafuta gari, unavuka mji. Kwetu kuna mafundi. Nenda Kariobangi Light Industries na watakutengenezea chochote chenye chuma. Yadi kubwa, zile za bendera na magari yaliyopangwa kama viatu vya Jumapili, ziko ng'ambo: Ngong Road, Kiambu Road. Jumamosi nne mfululizo nilikuwa huko. Na Jumamosi zote nne nilionyeshwa magari matano yale yale. Mazda Demio, Toyota Vitz, Toyota Passo, Nissan Note, Honda Fit. Ya mwaka 2017, nyeupe, fedha, nyeusi, na ile bluu ya Demio ambayo kila mtu anaitaka.

"Siz, na hiyo bajeti yako ya milioni unapata kitu safi," broka wa kwanza aliniambia. "Chagua tu rangi."

Nikamwambia nataka gari ambalo mzee ataingia bila kujikunja. Akanifungulia Demio. Gari zuri, sikatai. Kiti kilikuwa chini na paa limeinama, na mimi mwenyewe, miaka 29 na mgongo mzima, niliingiza kichwa nikigonga.

"Bei?"

"Milioni moja na laki mbili. Lakini tunaongea."

Tukaongea. Milioni moja na laki moja na themanini. Bila bima. Bila kifaa cha kufuatilia gari, ambacho ukinunua kwa mkopo unalazimishwa. Bila pesa za kubadilisha jina kwenye logibuku. Bila ile kitu wanaita "faili", ambayo mpaka leo sijui ni karatasi gani ya shilingi 8,000. Kila yadi ina bei ya kwenye kioo na bei ya kwenye karatasi, na ya karatasi ndiyo ya kweli. Niliingia pia kwenye duka moja la magari mapya kabisa, yale ya kilomita sifuri. Muuzaji alinipa kahawa na kabrosha kazuri, kisha akataja bei iliyozidi mara mbili ya pesa zangu. Nilimaliza kahawa.

Hili neno "mpya" lenyewe lina mambo. Mtaani mtu akikuuliza, "Umenunua mpya?" hamaanishi kilomita sifuri. Anamaanisha limetoka kwa meli, halijawahi kuendeshwa hapa. Mjapani amelitumia miaka saba, amepeleka watoto shule nalo, amelichoka, na kwetu ni jipya. Linakuja na stika za gereji ya kijiji fulani kwenye kioo. Ukiliwasha asubuhi, mama mmoja anakusalimia kwa Kijapani na kukukumbusha kuhusu kadi ambayo hutawahi kuwa nayo. Nairobi nzima tunaamshwa na huyo mama na hakuna anayejua anasema nini hasa.

Na kwa nini miaka saba? Kwa sababu kiwango cha KEBS, KS 1515, hakiruhusu gari lililotumika kuingia likiwa limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Mtu wa Kampala ana nafasi zaidi, kule sheria ni miaka 15. Sisi kila mwisho wa mwaka, mwaka mmoja unafungwa. Novemba 2024, nilipokuwa nikizunguka, kila mtu alikuwa anakimbizana na 2017. Kufikia Desemba 31 gari la 2017 liwe limefika bandarini Mombasa, la sivyo limegeuka chuma cha kurudishwa. Kwa hiyo magari niliyoweza kuchagua wakati huo yalichaguliwa na Wajapani fulani 2017 waliokuwa na barabara zao, hali yao ya hewa, na wazazi wao.

Kuhusu wazazi wao: hapo ndipo nilipata shida yangu kubwa, na niliipatia Buruburu, nje ya supamaketi.

Mwanamke mmoja alikuwa anapakia shopping kwenye gari la ajabu, fupi, lililosimama wima kama friji. Akabonyeza kitu mkononi. Upande wote wa kushoto, kutoka mbele mpaka karibu na gurudumu la nyuma, ukateleza ukarudi nyuma wenyewe, kimya, kama geti la tajiri. Ndani sakafu ilikuwa chini, sawa, hakuna ngazi. Mamake alikuwa na mkongojo. Hakugeuka, hakuinama, hakushika mtu. Aliingia tu. Nilisimama hapo na mkate wangu nikimwangalia kama mwizi.

Toyota Porte. Ile ya pili, iliyotengenezwa 2012 hadi 2020, ina mlango mmoja mkubwa wa umeme upande wa kushoto, upande wa abiria, na milango miwili ya kawaida upande wa dereva. Wajapani nao wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hivyo mlango unafungukia kwenye ukingo wa barabara, pale pale ambapo makanga alimwangusha Baba. Yule dada aliniambia injini ni 1500cc, ndugu ya ile ya Fielder, spea zake ziko kila mahali Kirinyaga Road. "Fundi wangu ananicheka," akasema, "lakini Mum anaingia pekee yake."

Nikarudi kwa mabroka nikiwa na jina.

"Porte?" wa kwanza akacheka. "Siz, hiyo utauzia nani?"

Wa pili: "Madam, hiyo ukitaka kutoka nayo utalia. Hiyo utauzia nani?"

Wa tatu alikuwa mzee wa heshima, ameninunulia hata soda. "Binti yangu," akasema, "gari ya Nairobi unanunua ukifikiria yule atainunua kwako."

Nililala nikiifikiria hiyo. Mabroka watatu, na hakuna aliyeniuliza Baba ana uzito gani, ama mguu gani ndio mbaya. Walikuwa wanamfikiria mtu ambaye hajazaliwa kwenye hadithi yangu, mnunuzi wa 2029, na ladha zake za rangi. Ndiyo maana kuna magari matano tu. Muagizaji analeta kile broka anataka, broka anataka kile mnunuzi wa kesho atataka, na mnunuzi wa leo anaambiwa achague kati ya nyeupe na fedha.

Nikajaribu kuagiza mwenyewe. Ajenti mmoja wa mtandaoni, sitamtaja, alinitumia Porte ya 2017 kwa dola 4,900 mpaka bandari ya Mombasa. Kwa dola ya wakati huo, shilingi 130 hivi, ilikuwa 637,000. Nilishangilia kama mjinga. Nikamuuliza kodi. "Kama laki tatu." Siku mbili baadaye: "Kama laki nne na nusu." Nikaamua kujifunza mwenyewe.

Iko hivi. KRA hawaangalii ulilipa ngapi Japani. Wana orodha yao, inaitwa CRSP, ya bei za magari hayo yakiwa mapya, na wanapunguza kulingana na umri. Kutoka hapo wanapata thamani ya forodha. Chukua shilingi 100 za thamani hiyo. Ushuru wa kuingiza ni asilimia 35, zamani ulikuwa 25: sasa una 135. Juu ya hiyo 135, siyo juu ya 100, wanaweka ushuru wa bidhaa, asilimia 20 kwa injini isiyozidi 1500cc: 162. Juu ya 162 wanaweka VAT ya 16: 187 na senti. Halafu ada ya tamko la uagizaji, halafu ya reli. Unalipia kodi ya kodi ya kodi. Na hawa ndio watu ambao kwenye Mswada wa Fedha 2024 walitaka pia asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, kwa kumiliki tu. Hiyo iliondolewa Juni, wiki ambayo watu walianza kujaa barabarani. Baba aliangalia zile habari kitandani. Alikuwa bado hawezi kusema vizuri, lakini "wezi" alilitamka safi.

Jumla yangu, na gharama za bandari, ajenti, namba na dereva wa kulitoa Mombasa, ilifika 1,150,000. Halafu ajenti akasema meli haiwezi kufika kabla ya mwaka kuisha, tuchukue ya 2018. Bei: 1,320,000.

Jumamosi ya mwisho ya Novemba nilipata Porte moja Kiambu Road. Fedha, 2017, tayari imelipiwa kila kitu, iko nyuma kabisa ya yadi, imefunikwa na vumbi. Nikampeleka Baba.

Lazima niseme kidogo kuhusu Baba na magari. Alifanya kazi miaka 27 kwenye kiwanda kimoja cha kuunganisha magari Industrial Area, akienda kwa miguu kutoka Jericho asubuhi na kurudi jioni. Kazi yake ilikuwa milango. Pikapu na malori, maelfu, na hakuwahi kumiliki hata moja. Bado huongea kuhusu Nyayo Pioneer, lile gari ambalo Moi aliwaomba watu wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliunde mwaka 1986, likaonyeshwa 1990, na halikufika barabarani. Volkswagen walipoanza kuunganisha Polo Vivo Thika, Desemba 2016, alikata picha kwenye gazeti. Sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Kijana wa yadi alibonyeza. Mlango ukarudi. Baba hakuingia mara moja. Alisimama akauangalia, akapitisha kidole kwenye reli ya chini, akaomba ufungwe, akaomba ufunguliwe. Kisha akaingia. Hatua mbili. Akaketi na mkongojo kati ya magoti, akatazama mbele kama gari liko mwendoni.

"Mama," akaniambia. Huniita hivyo kwa sababu nina jina la mamake. "Huyu aliyetengeneza huu mlango alikuwa na mzazi."

Bei ilikuwa 1,290,000. Nikamuuliza kijana limekaa hapo muda gani.

"Miezi minane. Watu hawataki hizi."

"Basi nipunguzie. Nina milioni moja na hamsini."

Akampigia bosi wake. Akarudi na 1,250,000, mwisho. Nikamwambia hakuna mtu analitaka, umesema mwenyewe. Akasema kodi ilishalipwa na kodi haijui kama watu wanalitaka. Nilimpigia kaka yangu Doha, ikiwa siyo Ijumaa. Alinyamaza, akasema anaweza kuongeza laki moja. Jumla 1,150,000. Bosi akakataa. Nilikuwa nimeanza kupandisha sauti, na nadhani nilikuwa karibu kulia, wakati Baba alishuka, hatua mbili, akafunga mlango mwenyewe.

"Twende nyumbani."

Desemba nikanunua Nissan Note ya 2013 kutoka kwa mwalimu mmoja Donholm. Namba ya KC, siyo KD, na kila herufi hapo ina bei yake. Shilingi 720,000. Nilikopa laki saba, kwa hivyo nalipa 18,434 kwa mwezi, na kaka yangu ameacha kunipigia hesabu. Siku ya kuliangalia Baba alikuwa na homa, nikaenda na fundi kutoka Kariobangi. Aliweka mashine yake, akasikiliza injini, akaliendesha mpaka Savannah na kurudi, akasema giaboksi iko sawa. Kitu nilichokagua mimi ni mlango wa nyuma. Kwenye Note unafunguka karibu wote, unasimama wima kabisa mbali na kiti, na kiti cha nyuma kiko juu kidogo kuliko cha Demio. Siyo Porte. Lakini mguu unapita.

Mama Brayo wa nyumba ya pili alikuja kulishika boneti siku ya kwanza. Akasema hongera, Mungu ni mwema, akalizunguka mara moja. "Lakini Note? Si ungengoja upate Demio. Hii utauzia nani?"

Jumanne tarehe 7 Januari 2025 tulikuwa na fizio ya kwanza ya mwaka. Baba alivaa koti. Nilimfungulia mlango wa nyuma wa kushoto na kumwambia leo ataketi huko kama mheshimiwa. Hakucheka. Alikuwa ameinama, anapitisha kidole kwenye mwanya kati ya mlango na mwili wa gari, kutoka juu mpaka chini. Kisha akatazama kwenye bawaba, akanionyesha vichwa vya boliti. Rangi ilikuwa imepasuka pembeni, mahali spana ilishika.

"Huu mlango umewahi kutoka," akasema.

Nilihisi tumbo limekuwa baridi. Miezi 48. Nikamuuliza inamaanisha liligongwa.

"Liligongwa. Ama mlango ulibadilishwa." Akausukuma ukaenda, akauvuta ukarudi, akasikiliza ulivyofunga. Akaufungua tena. "Aliyeurudisha alijua kazi."

Akanipa mkongojo nimshikie, akageuka, akaupa mlango mgongo.